Msikilizaji wa Mlangoni

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza samaki. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani nikamjibu hivyo, huwa anacheka kwanza, kisha ananikazia macho aone kama namtania, na mimi sina subira ya kumweleza mtu jambo mara mbili. Wewe nitakueleza mara moja.

Pale mto wetu unapoingia baharini maji ni ya tope, rangi ya chai ya maziwa. Samaki anaweza kupita chini ya kidole chako na usimwone. Lakini yuko samaki mmoja, mnene, kichwa kikubwa, ambaye hawezi kukaa na siri. Anaguna. Wakikusanyika wengi wanaguna wote kwa pamoja, na sisi tumewapa jina hilohilo, wagunaji. Mashua ikifika mlangoni, yaani pale mto na bahari vinapokutana, nahodha anazima mashine, kila mtu anafunga domo lake, nami nazamisha kafi majini, nainama, nabana sikio kwenye mpini. Mti unaleta sauti. Gru, gru, gru, kama wazee walioshiba wanaolalamika chumba cha pili. Nalizungusha kafi huku na huku mpaka nijue wako upande gani, kisha nanyoosha mkono. Nikinyoosha, wavu unatiwa. Nisiponyoosha, tunawasha mashine tunasogea mbele.

Kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na sita. Kwenye mashua tulikuwa watatu. Nahodha ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu. Wa pili ni mvuta wavu tunayemwita Bwana Kesho, kwa kuwa kila jambo lake ni kesho, hata kunyoa ndevu. Wa tatu ni mimi, na kiti changu kilikuwa nyuma kabisa, mashine inanguruma ubavuni mwangu tangu tunang'oa nanga mpaka tunarudi.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kutuacha wadogo, alikuwa na neno moja tu juu yangu. "Huyu hasikii." Nikipanda paa, hasikii. Nikigombana na watoto wa watu, hasikii. Nilipokataa shule nikakimbilia mashua, alikaa chini akawaambia majirani kwamba amefanya yote, ila huyu hasikii. Baadaye nilipopata sifa ya kusikia samaki chini ya maji, alicheka siku nzima.

Mke wangu alifariki mwaka jana, kabla ya mvua. Dada alivuka mto akaja kukaa nami siku kumi. Alipika, alifua, alipokea watu, na mimi nilikuwa nakwenda baharini kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Siku ya kumi nilirudi nikamkuta ameketi juu ya mkeka, anakunja nguo za mke wangu na kuzifunga mafungu, hili la fulani, hili la fulani. Nadhani alikuwa anafanya jambo la maana. Mimi niliona nguo tu, na kwamba harufu yake itatoka nyumbani pamoja nazo. Nikamfokea mbele za watu. Nikamwambia, "Toka. Na usinikanyagie tena hapa."

Alichukua mkoba wake, akavaa ndala, akaenda kupanda mtumbwi wa mchana unaovusha watu. Nikakaa nikingoja arudi kunisema, maana ndivyo alivyo. Nikimkosea hapitishi wiki, anakuja, ananipasha mpaka anachoka, kisha anauliza kama nimekula. Safari hii wiki ikapita, na mwezi ukapita. Nilivyojua mimi, hakuja.

Baada ya hapo watu wengine nao wakaanza kunigeuka. Fundi cherehani wa mbele ya nyumba yangu alikuwa akinisalimia kila asubuhi bila kuinua kichwa kwenye kitambaa chake. Akaacha. Mama wa dukani, aliyekuwa na sauti ya kuita watu toka mwisho wa barabara, akawa ananitazama na kuchezesha midomo kama anayetafuna. Nikimwambia aseme vizuri, ananitazama kwa huruma, na mimi huruma ya mtu dukani siitaki. Nikaelewa mambo yalivyo. Dada amepita kwao wote kabla ya kuvuka, amewaeleza nilivyomtoa, na wote wamechukua upande wake. Sawa. Na mimi nikawapa kisogo.

Hata redio ikaanza kunong'ona. Nikasema ni betri. Nilinunua betri mara tatu kabla sijaamua kwamba siku hizi hata wanaotengeneza betri ni wezi.

Utaniuliza kwa nini sikufikiria masikio yangu. Nilifikiria, tena mapema. Lakini kila siku nilikuwa nikiinama juu ya kafi na kuwasikia wagunaji, tena vizuri, kila mmoja na mguno wake. Mtu anayesikia samaki aliye chini ya maji ya tope atashindwaje kusikia mtu aliyesimama mbele yake? Hesabu hiyo niliipiga mara nyingi na kila mara jibu lilikuwa moja, kwamba wenye kasoro ni watu. Sikujua kwamba sauti hazitoki masikioni zote kwa pamoja. Zile nyembamba huondoka kwanza, za wanawake, za redio, za mtu anayesema taratibu. Nene hubaki nyuma. Wagunaji wana sauti nene.

Basi nikaishi hivyo. Nyumba yangu ni vyumba viwili, na kiti changu nilikiweka kinatazama dirisha la uani kwa sababu upande wa barabarani nilikuwa nimeshauchoka. Nikirudi kutoka kazini, naoga, napika, nakula, naosha sahani moja na kikombe kimoja, nakaa. Hakuna aliyekuja. Nilikuwa mpweke mpaka nikawa nachelewesha kuosha ile sahani, ili jioni isiishiwe na shughuli.

Kilichonibakia ni kiti changu kwenye mashua. Huko nako nahodha na Bwana Kesho walikuwa wakizungumza wao kwa wao, wanacheka, na mimi nilikuwa nimeshakata shauri kwamba wananicheka mimi. Lakini tukifika mlangoni, mashine ikizimwa, wote wananyamaza. Nahodha ananitazama mimi. Bwana Kesho ananitazama mimi. Kwa dakika zile chache hakuna anayezungumza na mwenzake akaniacha nje. Tuko sawa, watu watatu kimya, tunangoja kitu kimoja. Ningepokonywa kila kitu kingine nisingesema neno, ila si dakika zile.

Kisha ikaja siku ambayo wagunaji walikuwa wengi kupita kiasi. Niliinama nikawasikia mbele, nyuma, kushoto, kulia, kama mlango mzima umejaa. Nikanyoosha mkono, nikazungusha, kwamba popote mkitia mtapata. Wakatia. Ukatoka na majani ya mikoko. Tukatia tena, ukatoka na kaa wadogo wawili. Mara ya tatu ukatoka na kiatu cha ngozi, cha mguu mmoja. Bwana Kesho akakiokota, akakibana sikioni, akafumba macho kama ninavyofumba mimi, na nahodha akacheka mpaka akajishika mbavu. Na mimi nilijichekesha. Uso uliniuma.

Mchana ule nilijilaza kitandani, nikaweka shavu kwenye mto. Wagunaji walikuwamo chumbani. Nikainuka, wakainuka na mimi. Nikatoka uani, nikaziba masikio kwa viganja, na badala ya kunyamaza wakazidi. Hapo ndipo nilipojua kwamba walikuwa ndani ya kichwa changu, na kwamba kuanzia siku hiyo sitaweza kuwatofautisha na wale wa majini.

Sikumwambia mtu. Msikilizaji asiyesikia ana faida gani kwenye mashua? Ningesema, ningeshushwa, na ningeshushwa niende wapi? Kwenye kile kiti cha kutazama uani. Basi nikaanza kubahatisha. Nilikuwa naujua mlango ule kuliko ninavyojua kiganja changu. Najua maji yakianza kupwa samaki wanakaa wapi, najua ndege wakielea pale kuna nini chini yao, najua mapovu. Naweka kafi, nafumba macho, nasubiri muda wa kutosha, nanyoosha mkono nilikokwisha kuamua. Kwa wiki tatu bahati ilinibeba. Siku nyingine tulipata, nyingine tukakosa, na kukosa kidogo hakumshangazi mvuvi.

Siku iliyoniumbua hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nahodha alizima mashine katikati ya mlango, nikazamisha kafi, nikainama. Gru, gru, gru. Nikainua kichwa, bado gru, gru, gru. Nikajiambia, hawa ni wa kichwani, safari hii hamnipati. Ndege hakuna, mapovu hakuna, na maji yalikuwa bado yanajaa. Nikatikisa mkono, hamna. Nahodha akaonyesha kidole majini, midomo ikamcheza. Nikakasirika.

"Nimesema hamna. Washa twende."

Akawasha. Hatukuwa tumefika mbali ilipoingia mashua ya kijani ya ndugu wawili wavuvi wa ng'ambo. Walizima mashine palepale tulipotoka. Mkubwa wao aliinama juu ya kafi, na hakukaa hata muda wa kumeza mate mara mbili, akanyoosha mkono. Wakatia. Tulisimama tukawatazama wakivuta, wakivuta, mpaka mashua yao ikakaa chini na maji yakakaribia kingo. Safari hii hakuna aliyecheka kwenye mashua yetu. Ningefurahi kama wangecheka.

Nahodha akazima mashine tena. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, natazama wagunaji wa watu wakimwagwa. Baadaye aliniambia kwamba aliniita mara nne, kila mara akipandisha sauti, na hatua tatu tu zilikuwa kati yetu. Mimi nilichojua ni mkono wa Bwana Kesho kwenye goti langu. Nikageuka. Nahodha akaja akachuchumaa mbele yangu, akasogeza uso, akasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

"Shemeji, husikii?"

Nilidhani ananikaripia. "Nani hasikii? Mimi ni mkubwa wako. Utaniambia mimi sisikii?"

Akatikisa kichwa, akashika sikio lake mwenyewe, akalivuta. "Masikio, shemeji. Nasema masikio."

Nilitazama kafi magotini mwangu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Juzi," nikasema, na hata mimi nikaona aibu ya uongo ule.

Hakugomba. Alimtazama Bwana Kesho, Bwana Kesho akamtazama yeye, na usoni mwao kukaingia jambo ambalo sikulielewa.

"Ndiyo maana," akasema.

"Ndiyo maana nini?"

"Baada ya msiba nilikuwa nakuja kwako kila Ijumaa, shemeji. Kila Ijumaa, karibu miezi mitatu. Nasimama mlangoni, napiga hodi mara tatu. Kimya. Nachungulia dirishani nakuona umekaa, umenipa mgongo, hutikisiki. Nikasema mwenyewe hataki watu. Nitaingiaje nyumba ya mtu ambaye hajaniambia karibu? Nikawa naondoka. Mwisho nikaacha kuja, na kazini sikukuuliza, nikihofia kukutonesha."

Bwana Kesho naye akasogea, akapaza sauti kama nahodha. "Mimi nilileta ndizi. Nikapiga hodi mpaka nikachoka, nikaziacha kizingitini."

Ndizi zile nilizikuta. Nilimfuata fundi cherehani nikamwambia akome kunitupia taka mlangoni, kisha ndizi nikawapa mbuzi. Fundi alifungua mdomo akaufunga, na tangu siku ile nikipita alinipa mgongo. Sasa nikiwaza, huenda asubuhi zote zile alikuwa akinisalimia, na aliyekuwa akipita bila kujibu ni mimi.

Nikauliza nilichokuwa naogopa kuuliza. "Na dada yangu?"

Nahodha alinawa uso kwa maji ya bahari, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Alikuja mara tatu," akasema. "Mara ya kwanza wiki ileile. Mara ya mwisho, siku ambayo hatukwenda baharini, alikaa kizingitini pako tangu saa tatu asubuhi mpaka mtumbwi wa mchana. Wewe ulikuwamo, alikuona. Alipita kwangu akanywa maji. Akasema, 'Aliniambia nisimkanyagie, na amesimamia neno lake.' Mimi nikamwambia, mwache, ana majonzi. Nisamehe, shemeji. Wote tulisema una majonzi."

Majonzi nilikuwa nayo. Hawakukosea hapo. Lakini kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nimekaa ndani nikiwalaani watu waliokuwa wamesimama nje ya mlango wangu, na kila aliyeondoka aliondoka akidhani amenistahi. Nililia mle mashuani. Sikujificha, maana pa kujificha hakuna.

Nahodha akachukua kafi kutoka magotini mwangu, akalilaza upande wa Bwana Kesho. Alifanya hivyo polepole, kwa mikono miwili. Akaniambia nitakaa bandani nitashona nyavu, kazi haikosi, na nikamwitikia kwa kichwa kwa sababu alikuwa na haki. Tuliporudi sikukaa nyuma. Nilikaa mbele kama abiria.

Asubuhi iliyofuata mashua iliondoka bila mimi, nami nikaenda kupanda mtumbwi wa kuvuka. Nilinyoa, nikavaa shati la kola. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, ya kuomba radhi, ya kueleza habari ya masikio, ya kusema kwamba zile nguo bado zimo kwenye mafungu yaleyale, sijayafungua wala kuyatoa. Mwenye mtumbwi alinisemesha kitu, nikamwambia sisikii, akaniacha. Nilishangaa jinsi ilivyo rahisi kumwambia mtu usiyemjua.

Nyumba ya dada ni ya tatu kutoka gatini, mlango wa buluu uliopauka, masufuria yameanikwa juu ya ubao yamepinduliwa juu chini. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini kwenye masufuria maji yalikuwa bado yanachuruzika, kwa hiyo alikuwamo.

"Hodi," nikasema.

Hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu. Nilikuwa nimepanga maneno yote isipokuwa hilo. Nimepiga hodi, na sina njia ya kujua kama nimejibiwa. Labda ameniambia karibu. Labda ameniambia niondoke. Labda yuko chumba cha ndani hajasikia. Kichwani mwangu wagunaji walikuwa wanaguna tu.

"Hodi," nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, au nilidhani ni kubwa.

Mlango wa buluu, kitasa, mng'ao wa jua kwenye masufuria. Jirani mmoja alitoa kichwa dirishani, akanitazama, akakirudisha. Nikapiga ya tatu. Mtu mwenye adabu akipiga hodi ya tatu bila jibu anaondoka, na adabu hiyo ni yeye aliyenifundisha, kwa fimbo. Nilitazama gatini, mtumbwi ulikuwa bado haujajaa watu. Miguu ilitaka kwenda. Nikaikatalia. Nikasimama palepale kama mdai asiye na haya, nikitazama kitasa.

Sijui nilisimama muda gani. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu na dada akatokea, mkono mmoja umeshika mwiko, mdomo unakwenda mbio. Amekonda. Nywele zote nyeupe sasa. Alikuwa ananisema, hilo halikuhitaji masikio. Lakini sijui kama alikuwa amesema karibu mara tatu na kukasirika kwamba siingii, au kama hakusema karibu hata mara moja na alikuwa anangoja niondoke. Mpaka leo sijui, na sikumwuliza.

"Dada," nikasema, "mimi sisikii."

Mdomo wake ukasimama, kisha ukajibu, na maneno yale niliyasoma midomoni bila shida kwa sababu nimeyajua tangu nina miaka sita. "Wewe? Ulisikia lini?"

"Siyo hivyo. Haya." Nikashika masikio yangu yote mawili. "Yamekufa. Ulipokuja, sikusikia hodi yako. Hata moja."

Alinitazama. Mwiko ukashuka taratibu mpaka ukagusa gauni lake, ukaacha doa la mchuzi, na hakuliona. Alisema kitu kifupi. Nikatikisa kichwa. Akasema tena, akitanua mdomo, na nikatikisa kichwa tena. Sauti ya dada yangu ni nyembamba. Ni katika zile zilizoondoka kwanza.

Akashuka kizingiti, akanishika shingo kama alivyokuwa akinishika akitaka kunikagua uchafu wa masikio, akanivuta chini, akaweka mdomo wake juu kabisa ya sikio langu, akasema. Nilihisi pumzi, yenye joto. Maneno yalikuwa mengi. Wiki chache nyuma ningeitikia kwa kichwa nikajifanya nimeelewa.

"Sijasikia," nikamwambia. "Sema tena."

Akasema tena. Sikusikia. Nikamwambia aseme tena.